Vyungu Viwili Vyeusi: Michuzi ya Nyama ya Ufilipino na Jiko la Mama wa Kiislamu

Katika visiwa vya Ufilipino ipo michuzi miwili ya nyama, yote miwili myeusi kama makaa. Wa kwanza huitwa dinuguan, na jina lake latokana na neno dugo, yaani damu. Hupikwa kwa nyama ya nguruwe na matumbo yake, kisha damu ikamiminwa chunguni hadi mchuzi ukaiva mzito na mweusi. Wa pili huitwa tiyula itum, yaani supu nyeusi katika lugha ya Watausug, Waislamu wa visiwa vya Sulu. Huo hupikwa kwa nyama ya ng'ombe au mbuzi, na weusi wake watokana na nazi iliyochomwa juu ya makaa na kupondwa hadi ikawa unga.

Lau vyungu hivi viwili vingewekwa mbele ya mgeni usiku, macho yasingemwambia kipi ni kipi. Kimoja ni haramu bila ya shaka yoyote. Kingine ni chakula cha heshima cha Waislamu, kinachoandaliwa katika harusi na siku za Idi. Rangi ni moja, hukumu ni mbili, na kinachovitenga ni elimu ya aliyepika na ulizo la anayekula.

Tumechagua kuandika juu ya michuzi ya Ufilipino wiki hii kwa sababu jambo hili si la mbali na nyumba zetu. Mabinti na dada zetu wengi kutoka Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu wako katika nchi za Ghuba kwa kazi za majumbani, hotelini na hospitalini. Huko, aghalabu mtu wa karibu zaidi naye, anayeshirikiana naye chumba, jiko na sufuria, ni mwanamke wa Kifilipino. Mama anapopiga simu kutoka Pwani akauliza, "Mwanangu, mwala nini huko?", jibu mara nyingi huwa na jina la chakula asichokijua. Basi si vibaya tukakijua, ili tujue cha kukiepuka, cha kukifurahia, na hata cha kukipika wenyewe.

Visiwa, dini na njia za bahari

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,600. Wananchi wake walio wengi ni Wakristo wa Kikatoliki, nao Waislamu ni kiasi cha asilimia 6, na wengi wao wamo kusini, katika kisiwa kikubwa cha Mindanao na visiwa vidogo vya Sulu na Tawi-Tawi. Makabila makubwa ya Kiislamu huko ni Watausug, Wamaranao na Wamaguindanao. Uislamu uliwafikia kwa njia ile ile uliyotufikia sisi: majahazi, biashara, ndoa na wanavyuoni waliosafiri. Katika kisiwa cha Simunul, Tawi-Tawi, upo msikiti unaonasibishwa na Sheikh Karim al-Makhdum, na wenyeji huutaja mwaka 1380 kuwa ndio wa kuasisiwa kwake. Na kama tulivyo watu wa Pwani, wao pia hufuata madhehebu ya Imam Shafii.

Wahispania walipofika, Uislamu ulikuwa umekwisha panda hadi Manila, na mmoja wa watawala wa mji huo alikuwa Raja Sulayman. Mwaka 1571 Wahispania waliufanya mji huo makao yao makuu. Waislamu wa kusini waliwaita Moro, jina walilolitumia kwa Waislamu wa Andalusia na Maghrib, na kwa zaidi ya miaka 300 hawakuweza kuwatawala kikamilifu. Twaitaja historia hii kwa sababu chungu ni shahidi wake. Mapishi ya kaskazini yalijaa majina ya Kihispania na nyama ya nguruwe. Mapishi ya kusini yalibaki na nazi, tangawizi na manjano.

Ipo hata nyuzi moja inayotuunganisha. Magellan, baharia Mreno aliyewafikisha Wahispania visiwani humo na kuuawa katika kisiwa cha Mactan mwaka 1521, alianza safari zake za mashariki katika msafara wa Francisco de Almeida wa mwaka 1505. Msafara huo ndio ulioishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Bahari iliyotuletea mizinga ni ile ile iliyowafikia wao.

Uchachu: adobo na sinigang

Mfilipino hali mchuzi pekee. Chakula ni wali, na kila kinachouandama wali, kiwe nyama, samaki au mboga, huitwa ulam, kama sisi tusemavyo kitoweo. Hivyo michuzi yao hupikwa kwa nia ya kuulainisha wali na kuufanya uliwe mwingi kwa nyama chache. Na ladha wanayoipenda kuliko zote katika mchuzi ni uchachu.

Mchuzi mashuhuri zaidi ni adobo. Jina ni la Kihispania, lenye maana ya kulowesha nyama katika viungo, lakini upishi wenyewe ni wa kale kuliko jina. Wenyeji walikuwa wakiipika nyama kwa siki na chumvi ili isiharibike katika joto, na Wahispania walipouona waliuita adobo ya wenyeji. Leo adobo ya kawaida ina siki, kitunguu thomu, pilipili manga nzima, majani makavu ya kunukiza na sosi ya soya. Ile ya zamani haikuwa na soya, bali chumvi tu, nayo bado hupikwa na huitwa adobo nyeupe. Nyama yaweza kuwa kuku, ng'ombe au nguruwe, na hapo ndipo Mwislamu apaswapo kuuliza.

Siki yenyewe ina habari yake. Siki nyingi ya kienyeji huko hutokana na utomvu wa mnazi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, hulikata kole, hukinga utomvu, na utomvu huo ukiachwa huwa tembo, kisha ukaachwa tena ukawa siki. Kazi hii watu wa Kilifi na Kwale hawahitaji kuelezwa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamelibainisha jambo hili: tembo likigeuka lenyewe kuwa siki, bila ya kutiwa kitu cha kuligeuza, siki hiyo ni tohara na ni halali. Na inajulikana katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema. Basi uchachu wa adobo hauna ugeni katika meza ya Kiislamu.

Mchuzi wa pili wa uchachu ni sinigang. Huu ni mwepesi kama supu, na uchachu wake watokana na ukwaju mbichi uliochemshwa na kuchujwa. Pasipo ukwaju hutumika maembe mabichi, mapera, au mbirimbi, zile zile mbirimbi tunazozitia achari. Ndani yake hutiwa mbavu za ng'ombe, samaki au kamba, pamoja na majimbi, mabiringani, bamia, figili na mboga za majani. Majimbi huyeyuka kidogo na kuupa mchuzi uzito. Kwa mtu wa Pwani aliyezoea ukwaju katika mchuzi wa samaki, kijiko cha kwanza cha sinigang hakimshangazi. Kinamshangaza tu kwamba watu wa mbali namna hiyo wamefikiri kama yeye.

Michuzi yenye majina ya Kihispania

Tangu mwaka 1565 hadi 1815 merikebu za Kihispania zilisafiri kati ya Acapulco, Meksiko, na Manila. Zilipeleka fedha na kurudi na hariri, na katika mizigo yake zilileta mimea ya Marekani: nyanya, viazi, pilipili, mahindi na njugu. Huku kwetu mahindi na muhogo vilifika vivyo hivyo, kwa merikebu za Wareno. Ndiyo maana michuzi ya kaskazini ya Ufilipino yenye rangi nyekundu, kama kaldereta, afritada na mechado, ina nyanya, viazi na majina ya kigeni.

Kaldereta ndiyo ya kuangaliwa na mama wa Pwani, kwa kuwa asili yake ni mbuzi. Nyama hulowekwa, hukaangwa, kisha hutokoswa kwa muda mrefu katika nyanya, viazi, karoti na pilipili mboga, na mchuzi huzidishiwa uzito kwa maini yaliyosagwa. Ladha yake ni nzito na ya kupendeza. Hata hivyo ina mitego mitatu. Wapishi wengi hutumia maini ya kopo, na kopo hizo huenda zikawa na nguruwe. Wengine hulowesha mbuzi katika pombe ili kuondoa harufu. Na wengine hutia vipande vya supu kavu visivyojulikana asili yake. Dawa ya yote matatu ni nyepesi: choma kipande cha ini la mbuzi huyo huyo aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, likatwange kinuni, na harufu ya mbuzi ondoa kwa siki na tangawizi.

Kare-kare ni mchuzi wa mkia wa ng'ombe na utumbo, uliopikwa kwa njugu zilizokaangwa na kusagwa, pamoja na mchele uliokaangwa na kupondwa. Hauna chumvi nyingi, kwani huliwa na bagoong, uduvi uliovundikwa kwa chumvi. Uduvi ni wa bahari, nao katika madhehebu yetu hauna tatizo, ingawa pua isiyouzoea yaweza kulalamika.

Vyakula vya kutuliza moyo

Kila watu wana chakula cha mgonjwa, cha mzazi aliyejifungua na cha siku ya mvua. Kwa Wafilipino cha kwanza ni tinola: kuku aliyetokoswa kwa tangawizi nyingi, akatiwa papai bichi na majani ya mlonge au ya mpilipili. Mama aliyejifungua hupewa supu hii wakiamini kwamba huongeza maziwa. Mlonge tunao hapa, na majani yake hupikwa katika nyumba nyingi za Wamijikenda, papai bichi tunalo, tangawizi haikosekani. Hakuna kisichopatikana sokoni kwetu.

Tinola imeingia hata katika vitabu. Katika riwaya ya José Rizal iliyotoka mwaka 1887, padre mwenye kiburi aambulia shingo na bawa gumu la kuku katika bakuli lake la tinola, huku kijana mgeni akipata minofu mizuri, na hasira ya padre yaanzia hapo mezani. Wasomaji wa Kifilipino walielewa mara moja, kwani kwao, kama kwetu, kipande cha nyama anachowekewa mtu ni salamu.

Cha pili ni arroz caldo, uji wa mchele uliopikwa pamoja na kuku na tangawizi, ukanyunyiziwa kitunguu thomu kilichokaangwa na ndimu. Asili yake ni Uchina, jina lake ni la Kihispania, na walaji wake ni wa visiwani. Anayeujua uji wa mchele wa pilipili manga unaofunguliwa nao saumu Pwani ataujua huu kwa mnuso tu. Cha tatu ni nilaga, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu na kabichi, viazi na pilipili manga. Ikiwa ni muundi wenye uboho, huitwa bulalo, na mkoa wa Batangas ndio unaosifika kwa huo.

Vyakula hivi havina ufundi mwingi. Vinahitaji muda, moto mdogo na mtu wa kukaa karibu. Labda ndiyo sababu humwuma mtu aliye mbali. Tangu Sheria ya Kazi ya mwaka 1974, serikali ya Ufilipino imekuwa ikisimamia upelekaji wa wafanyakazi ng'ambo, na leo walio nje kwa mikataba ni takriban milioni 2, walio wengi wakiwa wanawake, huku Saudi Arabia ikiongoza kwa kuwapokea. Maana yake ni kwamba wako maelfu kwa maelfu ya watoto wanaokula tinola iliyopikwa na bibi au na dada mkubwa, ilhali mama yao anawapikia watoto wa watu wengine. Nyumba za Pwani zilizo na mama au binti Ghuba zaijua hali hiyo bila ya kusimuliwa. Riziki ya halali hutafutwa popote, lakini tusijidanganye kwamba fedha inayotumwa mwisho wa mwezi hulipa kila kitu. Anayebaki nyumbani na kuwapikia watoto chakula cha mama yao afanya kazi isiyolipwa mshahara, na anastahiki kushukuriwa waziwazi.

Jikoni mwa Waislamu wa kusini

Sasa turudi kusini, kwa ndugu zetu wa imani. Wamaranao, watu wa Ziwa Lanao, hawapiki bila ya palapa. Hiki ni kiungo kinachotwangwa kutokana na vitunguu vidogo vya majani viitwavyo sakurab, tangawizi na pilipili kali, kikachanganywa na nazi iliyokunwa na kukaangwa. Palapa huliwa kando ya wali kama achari, na huanzishia karibu kila mchuzi. Kuku wa piaparan hupikwa kwa palapa, manjano na nazi iliyokunwa. Nyama ya rendang, waliyoipata kutokana na udugu wao na Wamalei, hutokoswa katika tui la nazi hadi tui lote linapokauka na kuacha mafuta, na nyama ikawa nyeusi kwa viungo.

Watausug wana kulma, mchuzi wa nyama wenye viungo vya kunukia, njugu na tui, ambao jina lake ni korma ya Kihindi iliyopanda jahazi. Nao Wamaguindanao wana pastil: wali uliofungwa katika jani la mgomba, na juu yake nyama au kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi na kupikwa kwa viungo. Pastil ni chakula cha maskini na cha mwanafunzi, cha bei ndogo, kinachobebeka mkononi.

Tuliposema kwamba chungu ni shahidi, hatukuwa na maana ya historia ya kale pekee. Tarehe 23 Mei 2017, siku chache kabla ya Ramadhani, mapigano yalizuka katika mji wa Marawi, makao makuu ya Wamaranao, baina ya jeshi la serikali na wapiganaji waliojinasibisha na Daesh. Yalidumu miezi mitano. Zaidi ya watu laki tatu walihama, na moyo wa mji, pamoja na misikiti na masoko yake, ukawa kifusi. Familia ziliifunga Ramadhani ile katika kambi na katika nyumba za jamaa, zikifuturu kwa mchele wa msaada na samaki wa kopo. Katika miaka iliyofuata, baadhi ya wanawake waliopoteza nyumba na maduka walianza kwa walichokuwa nacho mikononi: walitwanga palapa, wakaitia katika chupa na kuiuza. Waliyemtegemea ni Mwenyezi Mungu, na mtaji wao ulikuwa ujuzi waliofundishwa na mama zao. Msichana asiyejua kinu na mchi asingeweza kuuza chupa hata moja. Tuyafikirie hayo tunapowaambia mabinti zetu kwamba mapishi ya nyumbani ni mambo ya kizamani.

Mapishi mawili ya kujaribu

Tumechagua mapishi mawili ambayo vitu vyake vyote vyapatikana katika masoko yetu.

Adobo nyeupe ya kuku. Chukua kuku wa kilo 1½ aliyekatwa vipande, siki nusu kikombe, maji kikombe 1, punje 10 za kitunguu thomu zilizopondwa, pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai na majani 2 makavu ya kunukiza yauzwayo pamoja na viungo vya pilau. Changanya vyote na uache kwa nusu saa. Tumia chungu cha udongo au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwani siki hula alumini na kuharibu ladha. Teleka katika moto wa kiasi bila ya kufunika, na usikoroge hadi mchuzi uchemke kwa dakika 10. Wapishi wa huko husema ukikoroga mapema ukali wa siki hubakia. Kisha funika, punguza moto, na uache kwa dakika 30, au zaidi kama kuku ni wa kienyeji. Toa vipande, vikaange kwa mafuta vijiko 2 hadi vigeuke rangi ya dhahabu, na uvirudishe katika mchuzi uliokwisha pungua. Huliwa kwa wali mweupe, na siku ya pili huwa tamu zaidi.

Tiyula itum. Chukua kilo 1 ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa, nusu ya nazi, vitunguu maji 2, punje 6 za kitunguu thomu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, khulinjani kipande kidogo, manjano kijiko 1 cha chai, mabua 2 ya mchaichai, pilipili mbichi kwa kadiri ya watu wako, pilipili manga na chumvi. Toa nyama ya nazi katika kifuu, iweke juu ya makaa, uigeuze hadi iwe nyeusi pande zote lakini isiwe jivu. Ikipoa, itwange hadi iwe laini, kisha uitwange tena pamoja na thomu, tangawizi, khulinjani, manjano na pilipili. Mchanganyiko huo upake nyama na uiache kwa nusu saa. Kaanga vitunguu, tia nyama uikaange kidogo, kisha mimina maji hadi yaifunike, tia mchaichai uliopondwa, na utokose kwa saa 1½ hadi 2. Mchuzi uwe mwepesi, mweusi, wenye harufu ya moshi na tangawizi. Usiogope rangi yake.

Ya kuuliza kabla ya kula

Kwa walio Ghuba, na kwa yeyote atakayealikwa na Mfilipino, tuna nasaha nne.

Kwanza, uliza nyama ni ya nini na imechinjwa na nani. Jina la mchuzi halitoshi, kwa sababu adobo, afritada na menudo hupikwa kwa nyama yoyote.

Pili, uliza juu ya vitu vidogo: maini ya kopo, vipande vya supu, na sosi ya soya. Soya inayovundikwa huweza kuwa na kiasi cha kileo, basi tafuta chupa yenye alama ya halali, au pika adobo nyeupe isiyohitaji soya kabisa.

Tatu, mnaoshirikiana jiko, tengeni vyombo. Katika madhehebu ya Imam Shafii, chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sufuria moja ndogo iliyo yako peke yako ni nafuu kubwa. Penye shaka, muulize mwanachuoni.

Nne, uliza kwa adabu. Mwenzio aliyekuandalia chakula hakukusudia kukukosea. Mwambie, "Dada, asante, dini yangu hainiruhusu nguruwe wala damu, lakini kuku na samaki wako nitakula kwa furaha." Wengi wao wana majirani Waislamu kwao na wataelewa mara moja. Na siku ya pili mpikie wewe: wali wa nazi na mchuzi wa samaki wa ukwaju. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke majirani. Wasia huo haukungoja mtu awe na nyama nyingi. Mchuzi ni chakula kinachokubali kuongezwa maji, kikatosha watu wawili zaidi, na watatu. Wapishi wa Sulu, wa Marawi na wa Batangas walilijua hilo, na bibi zetu wa Mji wa Kale walilijua. Basi wiki hii, panapo majaaliwa, mama mmoja katika mtaa na achome nusu ya nazi, apike tiyula itum, na bakuli la kwanza alipeleke kwa jirani. Na jirani akiuliza, "Mbona mweusi?", amweleze.